Bi Tarehe na Barua Ambayo Haikupelekwa

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi kamili jioni, Mkuu wa Kitengo cha Mikataba na Madai anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya ujenzi kwa miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku kumi na tisa. Hesabu hiyo si ya idara ya utumishi. Wao walikuwa wameandika siku kumi na sita, naye akawarudishia karatasi yao ikiwa na duara jekundu na maelezo ya mistari miwili, kwamba siku tatu alizofanya kazi akiwa amesimama, kabla hajapewa meza, nazo ni siku. Wakaenda kuzitafuta kwenye majalada ya zamani, wakazikuta.

Kwa hiyo mgeni anayesoma kijitabu hiki cha hafla asishangae kwa nini mama huyu, kuanzia mapokezi hadi lango la saiti, anaitwa Bi Tarehe. Mpelekee habari yoyote, iwe ya harusi, ya ugonjwa au ya ukuta ulioanguka, swali lake la kwanza ni lile lile: tarehe gani? Karani wetu wa masjala alipojifungua pacha, Bi Tarehe alifurahi mpaka machozi yakamtoka, kisha akauliza kama wote wawili walizaliwa siku moja. Alipoambiwa kwamba mmoja alitangulia na mwenzake akaja siku ya pili yake, alimsihi mama yao asikubali hospitali iwaandikie tarehe moja kwa uvivu. Watoto wale leo wana sherehe mbili za kuzaliwa, na baba yao hajamsamehe Bi Tarehe.

Anayeandika haya ni naibu wake. Kazi hii ilikuwa apewe mwenzetu wa uhusiano, ambaye ana kalamu nzuri kuliko yangu, lakini niliiomba mwenyewe na nikang'ang'ania. Katika kumbukumbu za utumishi wa Bi Tarehe kuna jambo moja lililoandikwa visivyo, na aliyesababisha liandikwe hivyo ni mimi. Nitalifikia. Nisipolieleza leo, mbele yenu, ataondoka na doa ambalo si lake. Ila kwanza tumsimulie kwa raha, maana mwenyewe hapendi hafla zenye nyuso za kununa.

Alikuja kwetu akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, mama wa watoto wawili, akitokea kwenye kiwanda cha mbao alikokuwa akipiga chapa hati za kupokelea magogo. Akapangiwa saiti ya hospitali, katika ofisi ya kontena yenye dirisha moja na feni iliyokuwa ikizunguka pale tu ilipojisikia. Kazi yake ilikuwa kupokea barua, kuzitoboa na kuziweka kwenye majalada. Hakuna aliyemtegemea afanye zaidi ya hapo.

Baada ya wiki mbili aligundua kitu. Barua za msanifu wa majengo zilikuwa zikifika zimeandikwa tarehe za nyuma sana, kana kwamba zilitembea kwa miguu. Barua ya tarehe mbili ilifika tarehe ishirini na moja, na kesho yake msanifu analalamika kwamba mkandarasi amekaa wiki tatu bila kumjibu. Bi Tarehe hakugombana na mtu. Alikwenda dukani, akanunua muhuri wa tarehe, ule wa kuzungusha namba kwa kidole, na tangu siku hiyo kila karatasi iliyoingia kwenye kontena lile ilipigwa muhuri mbele ya aliyeileta. Mwisho wa mradi msanifu aliposema sisi ndio tuliomchelewesha, meneja wetu alifungua majalada na kumwonyesha mihuri. Mzee wa watu akaomba maji ya kunywa.

Hapo ndipo wakubwa walipomwona. Kampuni ikampeleka chuo, akasoma ukadiriaji majenzi kwa miaka mitatu huku akiendelea na kazi, akahitimu akiwa mkubwa kuliko wawili kati ya walimu wake. Akawa afisa mikataba, kisha mkuu wa dawati la madai, na miaka ya mwisho akakiongoza kitengo kizima.

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kitengo chetu kazi yake ni ugomvi. Hapana. Mkataba wa ujenzi unakupa siku ya kumaliza. Mwenye mradi akikuchelewesha, kwa mfano akichelewa kukupa michoro, una haki ya kuongezewa siku ulizopoteza. Ila haki hiyo ina mlango mwembamba: ni lazima umwarifu kwa maandishi ndani ya siku ishirini na nane tangu ulipojua kwamba unacheleweshwa. Siku ya ishirini na tisa mlango umefungwa, hata ukilia. Kilichobaki ni kubishana kuhusu nani alimchelewesha nani, na hapo asiye na karatasi huwa hana la kusema.

Kwenye ukuta wa ofisi yake kuna ratiba ndefu ya kila mradi, na siku zilizopotea amezipaka rangi tatu. Buluu ni ya mwenye mradi, nyekundu ni yetu, na kijani ni ya mbingu. Hajawahi kuacha siku iliyopotea bila rangi. Wahandisi wa saiti tulikuwa tukiingia ofisini kwake kwa mwendo wa mtu aliyeitwa shuleni kwa mwalimu mkuu, tukitupia jicho ukutani kuona wekundu umefika wapi.

Rangi ya kijani ndiyo iliyompa jina nje ya kampuni. Kila saiti aliweka kipima mvua juu ya nguzo karibu na lango, kisomwe kila asubuhi saa moja. Mwaka mmoja akaenda likizo, kijana wa stoo akamshikia daftari. Aliporudi alikuta imeandikwa kwamba mvua ya milimita nne ilinyesha kila siku kwa siku kumi na nane mfululizo, tena katika mwezi ambao mafundi walikuwa wakipepea kofia zao kwa joto. Akawahi saiti saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akasimama nyuma ya rundo la matofali. Akamwona mlinzi, mzee mstaarabu kabisa, akipiga mswaki, akisuuza kikombe chake na kuyamwaga maji taratibu ndani ya kipima mvua, ili asichafue njia.

Mtu mwingine angefuta daftari na kunyamaza. Yeye alipiga mstari mwekundu kwenye siku zote kumi na nane, kisha akamwandikia mhandisi mshauri, anayesimamia kazi kwa niaba ya mwenye mradi, barua rasmi kumwarifu kwamba mvua iliyoripotiwa kati ya tarehe fulani na fulani ilikuwa ya mlinzi na si ya mbingu, na kwamba mkandarasi haiombei siku yoyote. Wanasema mshauri yule aliisoma barua hiyo akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Tangu hapo Bi Tarehe akisema imenyesha, imenyesha. Hakuna mshauri katika mji huu aliyewahi kubishana naye tena kuhusu mvua.

Msije mkadhani ni mtu asiyeshindwa. Nyumba yake mwenyewe ilichelewa miaka miwili na nusu. Fundi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mwashi hodari mwenye maneno matamu kuliko kazi. Dada mtu alimpa ratiba, akampa fomu, akampelekea notisi kumi na moja za kuchelewa, zote zimesainiwa na kuwekwa muhuri. Mdogo wake alizipokea kwa heshima zote, na nyumba ilipokwisha akamkabidhi dada yake funguo pamoja na notisi zote kumi na moja, amezitia kwenye fremu nzuri ya mbao. Hadi leo ziko sebuleni. Shemeji yetu, mume wa Bi Tarehe, fundi saa ambaye hajawahi kuchelewa mahali, huwapitisha wageni mbele ya fremu hiyo kabla hajawakaribisha kukaa.

Kubwa alilolileta katika kampuni hii ni dogo la kutazama. Zamani sisi wa saiti tulikuwa tunaona barua ni matusi. Mtu unashinda naye juani, mnachekeshana, mnaitana kaka, halafu umwandikie notisi? Inaonekana umemgeuka. Basi tulikuwa tunamalizana kwa maneno, na maneno yakija kukataliwa tunabaki kutoa macho. Bi Tarehe aliliona hilo, akaweka utaratibu wake. Kila kikao cha wiki cha saiti kiwe na vipengele viwili vya lazima: kinachotuchelewesha kutoka kwenu, na kinachotuchelewesha sisi wenyewe. Muhtasari uandikwe pale pale kwa mkono, usainiwe na pande zote mbili kabla birika halijaletwa. Hakuna sahihi, hakuna chai. Washauri walinung'unika mwezi mmoja, kisha wakazoea, na wengine wakawa wanaharakisha kusaini kwa sababu ya njaa.

Notisi zenyewe alitaka zipelekwe kwa mkono. Uende, umsalimie mwenzako, umwombe akupigie muhuri wa kupokea, umuulize habari za nyumbani, uondoke. Alikuwa akitufundisha kwamba barua inayopelekwa na mtu anayetabasamu haimuudhi mtu.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Miaka kumi na minne iliyopita tulikuwa tukijenga maktaba ya chuo, ghorofa sita, nami nilikuwa mhandisi wa saiti mwenye umri wa miaka ishirini na saba. Kofia yangu ngumu ilikuwa bado inang'aa. Mwenye mradi akaamua kuhamisha ngazi kutoka mbele kwenda nyuma, na michoro mipya ya msingi wa upande ule ikachukua siku sitini na tatu kufika. Siku sitini na tatu mafundi wa nondo walikaa wanacheza bao kwa vipande vya kokoto.

Siku ya sita niliandika notisi. Niliiandika vizuri, nikaisaini, nikaitia kwenye bahasha. Nikaenda nayo kwa mhandisi mshauri wa saiti, ambaye alinitangulia chuoni miaka miwili na alikuwa kaka yangu kweli kweli, aliyeniazima hata buti zake nilipofika. Akaniona na bahasha, akacheka, akaniambia sisi ni watu wazima, hayo mambo ya karatasi ya nini, michoro ikija tutapatana siku. Niliona haya. Nikarudi na bahasha yangu, nikaitia kwenye droo chini ya vipeperushi vya rangi za ukuta. Ilikaa humo. Siku ya ishirini na nane ikapita nikiwa juu ya jukwaa la mbao, nikikagua fomu za kumiminia zege, wala sikuikumbuka.

Kaka yangu yule akahamishwa. Akaja mshauri mwingine, mkavu, asiyemjua mtu. Tulipoomba siku sitini na tatu alijibu kwa mstari mmoja: notisi haikupokelewa, madai yamekufa. Tukapeleka mgogoro kwa mwamuzi.

Ilikuwa hivi. Tukishindwa, kampuni ingetangazwa kuwa ndiyo iliyochelewesha maktaba, na ingeondolewa katika orodha ya wakandarasi wanaoalikwa kwenye kazi kubwa. Na mimi ningefukuzwa. Mkurugenzi wa wakati ule aliliweka wazi kikaoni, akigonga meza kwa kalamu: "Aliyelala na notisi hii ataenda kulala nayo nyumbani kwake." Alikuwa hajajua ni nani, kwa sababu taarifa ya saiti ilisema tu kwamba nakala ya notisi haijaonekana. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Nyumbani tulikuwa tumekwisha kununua beseni la kumwogeshea mtoto.

Nikamwendea Bi Tarehe na bahasha ile, wakati wa chakula cha mchana, ofisi zikiwa tupu. Kitabu cha barua zinazotoka kilikuwa mezani kwake. Nilikuwa nimekwisha kukichungulia asubuhi. Chini ya ukurasa mmoja, kati ya tarehe kumi na mbili na tarehe kumi na tatu ya mwezi ule wa michoro, palibaki mstari mmoja mtupu, kwa sababu karani alianza siku mpya ukurasa mpya. Mstari mmoja tu. Nikamwomba aijaze barua yangu pale. Sikumung'unya maneno, nilimwomba hivyo hivyo.

Akaniuliza mke wangu anatarajia tarehe gani, nikamwambia. Kisha akafungua droo, akatoa rula na kalamu nyekundu, akaupiga ule mstari mtupu mstari kutoka mwanzo hadi mwisho. Akasema, "Mwanangu, hapa pakijazwa leo, vitabu vyangu vyote vya nyuma vitafaa kufungia misumari." Nilidhani nimekwisha. Nikainuka niondoke, akaniambia nikae, nimletee mihtasari yote ya vikao vya wiki vya saiti yangu, na nisiache hata mmoja.

Mihtasari ile niliiandika mwenyewe, nikiwa katibu wa kikao, kwa kufuata fomu yake bila hata kufikiri. Alikaa nayo siku mbili. Siku ya kumi na tatu tangu tuanze kusubiri michoro, kwenye kipengele cha saba, palikuwa na maandishi yangu ya haraka haraka: mkandarasi amesimama upande wa nyuma, anasubiri michoro ya ngazi, siku zinapotea. Chini yake sahihi yangu, na sahihi ya kaka yangu mshauri, aliyekuwa ameliona birika mlangoni. Mkataba ulitaka taarifa ya maandishi inayoeleza kilichotokea. Haukusema mahali popote kwamba lazima iwe barua.

Ila kipengele cha nane cha muhtasari ule ule kilisema mengine. Mashine yetu ya kuchanganyia zege ilikuwa imeharibika, na ikakaa hivyo siku kumi na moja, katikati ya siku zile zile sitini na tatu. Hata michoro ingekuwapo, tusingemwaga zege. Mkurugenzi alimwagiza Bi Tarehe apeleke ukurasa wenye kipengele cha saba peke yake. Bi Tarehe alimjibu kwa adabu kwamba atapeleka anachoweza kukisimamia. Siku ya shauri alifika na mihtasari yote ya mradi, maboksi mawili, yakisukumwa kwa toroli la saiti lililooshwa, na katika madai yake aliomba siku hamsini na mbili. Kumi na moja alizipaka rangi nyekundu mwenyewe.

Mwamuzi alikuwa mzee mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutazamia watu. Mshauri mkavu akatoa hoja zake, kwamba muhtasari si notisi, kwamba mkandarasi anatafuta upenyo. Hoja zenyewe zilikuwa nzuri. Mwamuzi akaanza kufunua maboksi. Akafunua kwa muda mrefu, akibadilisha miwani. Mwisho akauliza kwa nini mkandarasi huyu kila wiki anaandika makosa yake mwenyewe, mengine hata hakuna aliyeyaona. Bi Tarehe akasimama, akasema, "Kwa sababu yalitokea." Akakaa.

Tulipewa siku hamsini na mbili. Katika uamuzi wake mzee yule aliandika kwamba anayeandika kosa lake bila kulazimishwa anastahili kuaminiwa hata anapoandika la mwenzake, na kwamba mshauri aliyesaini alikuwa amekwisha kuarifiwa. Wiki hiyo hiyo mke wangu alijifungua mtoto wa kike. Niliporipoti kazini Bi Tarehe aliuliza tarehe gani, kama kawaida, akaiandika kwenye kalenda yake, na kila mwaka siku hiyo humpigia simu binti yangu kabla mimi sijaamka.

Kisha kikaja kikao cha tathmini. Mkurugenzi alishukuru kwa zile hamsini na mbili, akalalamikia zile kumi na moja, halafu akarudi kwenye lile lake: nani alilala na notisi? Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni. Bi Tarehe hakunitazama kabisa. Alisema utaratibu wa notisi ni wa dawati lake, dawati lake linaongozwa na yeye, kwa hiyo kama kuna jina la kuandikwa, liandikwe lake. Likaandikwa. Akapewa barua ya onyo kwa uzembe katika kutuma notisi, ikaingia kwenye jalada lake.

Nilinyamaza. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na nafasi, na nilinyamaza.

Kwa kanuni zetu mwenye onyo hapandishwi cheo kwa miaka mitatu. Kiti cha mkuu wa kitengo kilikuwa kinaachwa wazi mwezi ule, na kila mtu alijua ni cha Bi Tarehe. Akaletwa bwana mmoja kutoka nje, akakikalia miaka minne. Bwana yule alikuwa muungwana, na alipoondoka alisema hadharani kwamba ile miaka minne ilikuwa chuo na mwalimu wake alikaa meza ya pili. Bi Tarehe, kwa upande wake, alimwambia mumewe kwamba kiti kile kinapigwa na jua la mchana na hakitaki. Najua hivyo kwa sababu shemeji ameniambia juzi, na akaniambia pia kwamba siku hiyo mkewe alilia jikoni.

Siku iliyofuata kikao kile cha tathmini nilimfuata nikamwambia nakwenda kwa mkurugenzi kusema kweli. Alikuwa akitoboa karatasi. Akasema, "Ukisema leo tutafukuzwa wawili, wewe kwa kulala na mimi kwa kukufunika, halafu barua atapeleka nani?" Akanitaka nimwahidi kwamba sitalisema maadamu yeye yumo kazini. Nikaahidi, na sitawadanganya: niliahidi haraka. Adhabu yangu aliitoa mwenyewe. Mwaka mzima nilipeleka kwa mkono kila notisi ya kampuni hii, ya kila saiti, kwenye jua na kwenye matope, nikitabasamu. Mwaka ulipokwisha akaniomba nihamie kwenye dawati lake.

Tangu wakati ule tumeshughulikia pamoja migogoro ishirini na sita. Kumi na tisa iliishia mezani bila kufika kwa mwamuzi, kwa sababu upande wa pili ukisikia Bi Tarehe anakuja na maboksi huanza kutafuta kalamu ya kusainia. Amewafundisha kazi wahandisi wasiopungua arobaini, na wanne kati yao wamo upande wa washauri, wakimsumbua kwa mbinu zake mwenyewe, jambo analojivunia kuliko cheti chochote. Hakuna hata siku moja katika miaka yote hiyo aliyonikumbusha lile deni langu, si kwa neno wala kwa jicho. Ningependa siku moja angenikumbusha. Ingekuwa nafuu.

Sasa ahadi yangu inakwisha pamoja na utumishi wake. Wiki tatu zilizopita nilimwandikia Mkurugenzi wetu wa sasa barua ya kurasa mbili, nikieleza kama nilivyoeleza hapa, na kuomba ile barua ya onyo iondolewe kwenye jalada la Bi Tarehe na kuwekwa kwenye langu. Nilimwambia pia kwamba naeleza haya nikijua kwamba nimetajwa kukikalia kiti chake kuanzia mwezi ujao. Mkurugenzi aliniita, akanisikiliza, hakunipaka mafuta. Alisema suala la kiti litaangaliwa upya na kikao cha bodi. Ni haki yao, na nitakubali watakaloamua. Kuhusu barua ya onyo alisema atashauriana na utumishi.

Jibu limetoka jana alasiri. Barua ile imetolewa. Imeandikwa upya kwa jina langu na kwa tarehe yake ya kweli, ya miaka kumi na minne iliyopita, na imo kwenye jalada langu, ukurasa wa kwanza. Jalada la Bi Tarehe nimelifungua mwenyewe mbele ya karani wa masjala, nikalipitia kuanzia ile siku ya kwanza aliyofanya kazi akiwa amesimama. Halina onyo hata moja.

Mama, hili ulikuwa hulijui. Umelijua sasa, hapo ulipokaa na kijitabu hiki mkononi, na najua tayari umeanza kukasirika kwa sababu hukushirikishwa. Kasirika, una haki. Lakini unatoka katika nyumba hii safi kama ulivyoingia, na kwa hilo sisi sote tunasimama. Asante kwa kila siku ya miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku kumi na tisa, na asante kwa zile kumi na moja nyekundu. Nenda ukapumzike na fundi saa wako, ulale mpaka jua lipande, usahau leo ni tarehe ngapi. Tunakuombea afya, furaha na siku nyingi ambazo hutalazimika kumtolea mtu yeyote maelezo.